Kutembea Mlimani Si Kushindwa

Juzi baada ya sala ya Isha, barazani petu Mji wa Kale, Mombasa, kijana wa mtaani aliyekuja likizo kutoka Uswisi alitusimulia jinsi alivyokimbia maratoni ya kupanda mlima kwa mara yake ya kwanza. Wazee kwa vijana tulimtegea sikio hata kahawa ikapoa vikombeni. Lakini alipofika pa kusema kwamba sehemu kubwa ya mlima aliipanda kwa kutembea, kicheko kikazuka.

"Kumbe ulitembea!" akasema mmoja wetu. "Basi hizo si mbio, hayo ni matembezi ya Ijumaa jioni."

Kijana akainamisha kichwa, na hadithi ikakatika papo hapo. Mimi sikucheka, na leo nataka kueleza kwa nini.

Mbio zenyewe ni Jungfrau Marathon, ambazo zimekuwa zikifanywa tangu mwaka 1993. Huanzia mji wa Interlaken, uliokaa baina ya maziwa mawili, kwenye kimo cha mita 565 hivi juu ya bahari. Siku hizi huishia Eigergletscher, kando ya barafu, kwenye kimo cha mita 2,320. Masafa ni yale yale ya maratoni yoyote, yaani kilomita 42 na mita 195. Ila hapa mwisho wa safari uko juu ya mwanzo wake kwa zaidi ya mita 1,700.

Hila ya njia hii ni kwamba zaidi ya nusu yake ya kwanza si ya kutisha. Mtu hupita kando ya ziwa, akapita vijijini, akaingia bonde la Lauterbrunnen lenye maporomoko ya maji. Miguu bado ina nguvu, watu wanampigia makofi, naye hujiona simba. Hapo ndipo mgeni anapoponzwa. Baada ya kilomita 25 njia hugeuka ikaanza kupanda kuelekea kijiji cha Wengen, kona baada ya kona, na tangu hapo mlima haumwachii mtu mpaka mwisho. Aliyemaliza nguvu zake bondeni ili asifiwe, mlimani hana cha kutumia.

Kijana wetu aliniambia tulipobaki wawili, "Ami, pale nilitaka kukimbia kwa sababu ya haya tu. Nilipotazama mbele, nikaona mamia ya watu wote wanatembea, mikono magotini, wala hakuna anayemcheka mwenzake."

Ndugu msomaji, mlima una hesabu yake. Penye mwinuko mkali, anayejilazimisha kukimbia taratibu hutumia nguvu nyingi kuliko anayetembea kwa mwendo ule ule. Hata mabingwa hutembea wakifika penye ukali kupita kiasi. Tena hewa nayo hupungua: kwenye kimo cha mita 2,300, nguvu ya hewa ni kama robo tatu tu ya ile tunayoivuta hapa Kilindini. Na sisi tuliozaliwa usawa wa bahari, mapafu yetu hayajaizoea hali hiyo.

Hebu tutazame wenye mbio zao. Mkenya mwenzetu marehemu Kelvin Kiptum alimaliza maratoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35. Jonathan Wyatt wa New Zealand, bingwa mkubwa wa mbio za milimani, aliposhinda Jungfrau mwaka 2003, wakati mbio zilipokuwa zikiishia Kleine Scheidegg, alichukua saa 2 na dakika 49. Je, kuna wa kusema kwamba Wyatt alikuwa mzembe? Kijana wetu alichukua saa 6 na dakika 10, akafika kabla muda haujafungwa. Mwanzo kama huo si wa kuchekwa.

Barazani palizuka pia neno la dini. Mzee mmoja aliuliza iwapo huku si kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe, na mwingine akauliza habari ya sala. Maswali hayo ni ya haki. Kuhusu sala, mbio hizo hufanywa Jumamosi, kwa hivyo sala ya Ijumaa haiguswi. Nayo Adhuhuri ya huko mwezi wa Septemba huingia karibu saa saba na nusu mchana, na kijana aliiswali huko juu, ndani ya wakati wake, koti lake likiwa msala. Kuhusu mbio, sote tumesoma vyuoni kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha; mara ya kwanza akashinda Bibi Aisha, na baadaye akashinda Mtume.

Ama kuhusu maangamizi, mimi naona jawabu limo katika kile kile tulichokicheka. Anayejiangamiza ni yule asiyekubali kupunguza mwendo. Anayejua mahali pa kutembea amejihifadhi.

Na jambo hili si geni kwetu. Waliokwenda Hija wanajua namna ya kusai baina ya Safa na Marwa, vilima viwili vya Makka. Mwendo ni mara saba, na jumla yake ni kama kilomita 3. Lakini mwanamume haendi mbio njia nzima. Huongeza mwendo baina ya zile taa za kijani tu, na kwengine hutembea kwa utulivu; wanawake nao hutembea mwendo wote. Silinganishi ibada na michezo, hasha! Nataja adabu ya mwendo. Hakuna haji aliyerudi Mombasa akaambiwa kwamba sai yake ilikuwa pungufu kwa kuwa alitembea.

Basi aibu hii ya kutembea tumeitoa wapi? Nadhani imetokana na kuwatazama washindi peke yao. Twawaona Wakenya wenzetu wa bara kama Lucy Wambui Murigi, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2017 na 2018, kisha twasema milima ina wenyewe, mwana wa pwani akae na ngalawa yake. Kijana anayejaribu twamcheka, na anayekaa kitako kutwa akitafuna miraa hatumwambii neno.

Wala si lazima mtu asafiri mpaka Uswisi. Mji wa Voi, humu humu katika Pwani yetu, uko kwenye kimo cha karibu mita 600. Kilele cha Vuria katika milima ya Taita kinapita mita 2,200. Anayetoka Voi akapanda mpaka Vuria amepata mlima unaokaribia ule wa Jungfrau, na nauli yake ni ya matatu. Walimu wetu wa michezo wangewapeleka vijana huko, wakawafundisha kwanza kupanda kwa kutembea, nina hakika tungepata watu wa kuwatuma mbali.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kwa mbio hizi mambo ni kinyume: ngoma yote iko kupandani, na kushuka mtu huletwa na treni, miguu imenyooshwa.

Jana nilimwomba yule kijana arudi barazani atumalizie hadithi yake. Tulimkatiza Wengen, na bado hajatufikisha juu.