Likizo ya Askari Anayestaafu Isiuzwe Ovyo

Askari anapokaribia kustaafu, mengi husemwa juu ya pensheni na kiinua mgongo chake, lakini ni nadra likizo aliyoilimbikiza kutajwa. Hapa Malaba na Busia, ambako nimefundisha kwa miaka mingi, nimewaona kadhaa wakirejea nyumbani na fedha mkononi wasijue pa kuanzia. Naamini kwamba pale askari anapopewa nafasi ya kuchagua, afadhali azitumie siku hizo kabla ya kuvua magwanda kuliko kuzibadilisha kwa fedha.

Inafaa ikumbukwe kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, inayompa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kila mwaka, haiwahusu wanajeshi. Likizo yao huongozwa na kanuni za jeshi lenyewe. Kwa hivyo askari asitegemee maneno ya kantini. Na aiulize ofisi ya kikosi chake mapema, tena kwa maandishi: siku zangu ni ngapi? Zipi zitalipwa, na zipi zitapotea? Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya siku huoza isipodaiwa.

Nchini Marekani hesabu hii i wazi. Askari hupata siku 30 kwa mwaka, naye aweza kuuza siku zisizozidi 60 katika utumishi wake wote. Akiziuza, hulipwa mshahara wa msingi tu. Akizichukua mwishoni mwa utumishi, huendelea kupokea mshahara pamoja na marupurupu ya nyumba na chakula. Walimu wa hesabu wanaweza kuwapa wanafunzi wao swali hilo.

Huku mpakani siku hizo zina faida nyingine. Mwezi wa Machi 2021, Kenya ilipiga marufuku mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Aliyetia fedha zake zote katika mahindi juma lile alijifunza biashara kwa hasara. Mwezi mmoja au miwili ya kuzuru soko la Busia, kuulizia kodi ya vibanda na kutazama foleni ya malori Malaba humfunza askari yale ambayo kambi haikumfunza, ilhali mshahara wake ungali unaingia.

Tena kuna jamaa. Tangu majeshi yetu yaingie Somalia mnamo Oktoba 2011, wapo watoto waliokua wakimjua baba kwa sauti ya simu. Mzazi wa namna hiyo anahitaji muda wa kufahamiana upya na watu wake kabla hajaanza kuwaamrisha.

Wapo watakaosema kwamba karo haingoji. Ni kweli, na mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo hawezi kulaumiwa akiuza siku chache. Lakini auze kwa haja iliyo mbele yake, wala si kwa ajili ya pikipiki ya bodaboda anayoitaka kwa kuwa jirani kanunua.

Basi mwaka mmoja kabla ya kustaafu, askari na aketi na jamaa yake wazihesabu siku hizo pamoja. Mali bila daftari huisha bila habari.