Kati ya Matusi na Kimya: Kiswahili na Afya ya Wapenzi wa Jinsia Moja

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Methali hiyo haikutungwa na watu wasio na adabu. Ilitungwa na waliojua kwamba stara ikizidi, uhai wenyewe hukosa njia. Ajabu ni kwamba jamii inayoirithisha methali hii imekinyima Kiswahili maneno ya kumhudumia mwanamume ampendaye mwanamume mwenzake anapobisha hodi katika zahanati.

Tuutazame msamiati uliopo. Hanithi, msenge, basha: yote ni maneno ya kutukania. Hata 'shoga', neno ambalo wanawake wa pwani huitana kwa mapenzi, likielekezwa kwa mwanamume hugeuka jiwe. Upande wa pili imesimama tafsida: 'mambo yale', 'watu wa namna ile'. Kati ya tusi na tafsida haikusalia nafasi ya muuguzi kuuliza swali wala ya anayehudumiwa kulijibu.

Hasara yake si ya kilugha tu. Uchambuzi wa njia za maambukizi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2009 ulikadiria kuwa takriban asilimia 15 ya maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalihusiana na wanaume wanaofanya ngono na wanaume pamoja na mazingira ya magereza. Ilhali ujumbe mwingi wa kampeni ulimlenga mume na mke, mvulana na msichana. Kijana asiyetajwa ataaminije kwamba hatari inamhusu? Nani atamweleza kuwa ngono ya njia ya haja kubwa hupitisha virusi kwa wepesi zaidi kuliko ya ukeni? Nani atamwonya kuwa mafuta ya kujipaka hudhoofisha mpira wa kondomu, na kwamba vilainishi vya maji ndivyo salama? Hayo si matusi. Ni elimu inayookoa maisha.

Lugha ya chuki nayo ina mazao yake. Mwezi Februari 2010, mjini Mtwapa, umati ulikivamia kituo cha KEMRI kilichokuwa kikitoa huduma za UKIMWI, baada ya kuvuma uvumi wa harusi ya wanaume wawili. Kabla ya ghasia yalitangulia maneno. Lakini maneno hayo hayo yaweza kuponya: baadaye shirika la PEMA Kenya la Mombasa liliketi na viongozi wa dini wa pwani, wakazungumza ana kwa ana.

Wapo watakaosema kwamba kulipa jambo jina ni kulieneza, na kwamba sheria imekwisha kuamua. Ni kweli kwamba vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vingalipo, na kwamba Mahakama Kuu ilikataa kuvibatilisha tarehe 24 Mei 2019. Hata hivyo, Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya. Imesema kila mtu, wala haikuongeza sharti. Isitoshe, virusi havikungoja kupewa jina ndipo vienee.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana deni hapa. UKIMWI lenyewe ni neno lililoundwa kutokana na 'upungufu wa kinga mwilini', nalo likakubalika hadi vijijini. Kazi iliyosalia ni kuandaa istilahi za afya zisizotusi wala kuficha. Kazi hiyo haimaliziki maktabani. Inamtaka mwanafunzi wa tafsiri aende kwenye vituo vya ushauri nasaha, awasikilize wauguzi na wanaohudumiwa, ajue wao wenyewe wangependa kuitwaje, kisha arudi na orodha ya maneno ambayo muuguzi ataweza kuyatamka bila kuinamisha macho.