Mashini inapona mu garaji, inagonjwa kule juu



Sisi watu wa Katanga tunazoea kusema baridi ni ya mwezi wa sita na wa saba tu. Kwa ndeke ndogo si vile. Kila metre 300 inapopanda, baridi inaongezeka karibu digri 2. Inaweza kutoka Luano na jua kali, na ku metre 6.000 maji ikaganda ku mabawa.

Kule njo piloti otomatiki inaanza matata. Grese inakuwa nzito, moteri ndogo inayovuta kamba za usukani inachoka. Tena aluminiamu ya mwili wa ndeke inajikunja kupita chuma cha kamba, basi kamba inalegea. Ndeke inayumba: pua juu, pua chini. Piloti anaandika mu kitabu. Kesho yake makanisia anaijaribu mu garaji yenye joto: inatumika muzuri! Anaandika: «Kosa halikuonekana.» Ndeke inarudi mu anga na ugonjwa wake.

Je, habari hii si yetu? Mara ngapi mutumikaji anasema breki ya kamyo inamusumbua kule chini ya shimo, wanaijaribu fasi ya sawasawa, bila muzigo, kisha wanamwita mvivu? Kosa lisiloonekana si kosa lisilokuwako. Linapashwa kutafutwa fasi lilitokea, na baridi ile ile, na muzigo ule ule.

Tena kuko mashini inayoficha hatari. Tarehe 9 mwezi wa kwanza 1997, ndeke Embraer 120 ilianguka karibu na Detroit, kule Marekani. Watu 29 walikuwa ndani, wote wakafa. Barafu ilishika mabawa, na piloti otomatiki ilishindana nayo kimya mpaka ikajizima yenyewe, ndeke ikapinduka. Sababu mashini njo ilishika usukani, mikono ya mapiloti haikusikia ule uzito. Ni kwa hiyo piloti anashauriwa: mu barafu, zima mashini, shika usukani kwa mikono yako.

Tunaomba wakubwa wa kazi jambo moja: musifunge ripoti kwa neno «halikuonekana» mbele ya kurudi fasi ile pamoja na mwenye kuliona. Na wewe mutumikaji, usiseme tu «iko mubaya». Andika saa, fasi, muzigo, na kile mashini ilifanya. Maneno ya mudomo inasahauliwa. Karatasi yenye tarehe inabaki.