Vifaa vya kutibia watoto wetu vijaribiwe karibu na kwetu

Kila mara mashini mpya ya hospitali inapofika katika inchi yetu, watu huuliza bei yake, kisha huuliza nani ameitoa. Mara chache tunauliza ilijaribiwa wapi, na kwa wagonjwa gani. Kuna ugonjwa mmoja wa watoto ambao jibu la swali hilo liko karibu nasi, ngambo ya mpaka wa Kasindi, na linafaa kusomwa na kila mtu anayeamua mambo ya afya huku Mashariki.

Tunasema juu ya ugonjwa wa maji kichwani. Maji yanayozunguka ndani ya ubongo yanakosa njia, yanajaa, na kichwa cha mtoto kinapanuka. Katika eneo letu la Afrika, mara nyingi huanza kisha mtoto kupata maambukizi makali akiwa bado mchanga. Katika vijiji na mitaa yetu wako wanaosema ni uchawi, na mama ndiye anayebebeshwa lawama, wakati mwenye kosa mara nyingi ni mikrobi tu.

Tangu miaka mingi dawa yake ni mrija. Mganga anaupitisha chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, ili maji yateremke. Mrija huo unaokoa maisha, lakini mtoto anabaki nao, na siku yoyote unaweza kuziba au kuingiwa na maambukizi. Ukiziba, saa zinahesabika. Mzazi wa Boston ataita gari la wagonjwa. Mzazi wa Walikale au Fizi atamwita nani, usiku, barabara ikiwa imefungwa na watu wenye silaha?

Mganga Mmarekani Benjamin Warf alikutana na swali hilo alipofika Mbale mwaka 2000, mashariki mwa Uganda, karibu na mlima Elgon, katika hospitali ya watoto ya CURE. Yeye na wenzake hawakuchukua tu vifaa vya ng'ambo kama vilivyo. Kwanza walilinganisha mirija miwili kwa watoto 195: mmoja wa Codman, uliogharimu karibu dolari 650, na mwingine wa Chhabra, uliotengenezwa India kwa karibu dolari 35. Kisha mwaka mmoja, hawakuona tofauti kubwa kati ya watoto wa mrija wa bei na watoto wa mrija wa rahisi. Fikiri hospitali ya jimbo ingenunua mirija mingapi kwa bei ya mmoja.

Halafu wakageukia endoskopi, yaani bomba jembamba lenye kamera ndogo. Kwa njia hiyo mganga anaingia ndani ya ubongo, anatoboa tundu dogo ili maji yapate njia yao, kisha anachoma sehemu ya nyama inayotengeneza maji hayo. Hakuna mrija unaobaki mwilini. Mwaka 2005 Warf alitoa matokeo ya watoto 550. Kwa wale wasiofikisha mwaka mmoja, kutoboa peke yake kulifaulu kwa 47 kwa mia, na kutoboa pamoja na kuchoma kulifaulu kwa 66 kwa mia.

Matokeo hayo yalikuwa mazuri, lakini hayakutosha, maana wagonjwa hawakugawanywa kwa bahati nasibu. Kwa hiyo likafanywa jaribio lenyewe, na kutangazwa mwaka 2017. Watoto 100 wenye umri chini ya miezi sita, wote waliougua kisha maambukizi, waligawanywa kwa bahati nasibu: 51 endoskopi, 49 mrija. Waganga wa Uganda, kama John Mugamba na Peter Ssenyonga, walikuwa kati ya wenye kazi hiyo. Kisha miezi 12 wakapima akili ya watoto na ukubwa wa ubongo wao. Hakuna upande ulioshinda. Matibabu yalishindwa kwa 35 kwa mia upande wa endoskopi na 24 kwa mia upande wa mrija, tofauti ambayo kwa hesabu ya wataalamu haikutosha kusema njia moja ni mbaya kuliko nyingine.

Msomaji wa Ulaya anaweza kuona hapo sare tu. Kwetu sare hiyo ina uzito mkubwa. Kama njia mbili zinalingana, na moja haimwachii mtoto kifaa kinachoweza kuziba mbali na hospitali, tunajua ni ipi ya kuanza nayo panapowezekana. Lakini 35 kwa mia si namba ya kuficha. Operesheni ya endoskopi ikishindwa, mara nyingi hushindwa katika miezi ya kwanza, na mtoto lazima arudi kupimwa. Anayeleta endoskopi pasipo kupanga namna watoto watakavyorudi ameleta nusu ya kazi.

Wengine watasema majaribio ya namna hiyo hayawezekani huku kwetu. Beni, Butembo, Katwa na Mangina ziliwajibu. Kuanzia mwezi wa 11 mwaka 2018, katikati ya vita na Ebola, wagonjwa 681 waliingia katika jaribio la dawa nne, na mbili zikaonekana bora kuliko zingine.

Basi tunaomba mambo wazi. Wizara ya afya na vyuo vyetu vya Bukavu, Goma na Butembo vitume vijana kujifunza operesheni hii, na vifuate watoto watakaotibiwa kwa daftari moja. Kila anayetaka kujaribu kifaa kwa wagonjwa wetu awaeleze wazazi kwa Kiswahili, Kinande au Mashi, si kwa karatasi ya Kifaransa ya kutia kidole tu. Na kabla ya kuanza aandike nani atalipa kifaa kikiharibika, na kama hospitali itaendelea kukipata jaribio likiisha.

Wakati huo huo, mzazi anayeona kichwa cha mtoto kinakua haraka, mishipa inaonekana wazi na macho yanaelekea chini, asingoje. Ampeleke hospitali wiki hiyo hiyo, na aombe kichwa kipimwe kwa utepe na kuandikwa kila anaporudi.