Pedi na diski za pikapu: Rahisi inapogeuka msiba barabarani

Na Mwandishi Wetu

KATIKA maduka ya vipuri ya Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, mmiliki wa pikapu anayeulizia pedi za breki za mbele hukutana na swali moja kabla ya mengine yote: unataka za bei gani? Ni nadra kuulizwa gari lake ni la mwaka gani, lilitengenezwa wapi, au hubeba mzigo wa uzito gani. Muuzaji hutoa maboksi matatu au manne, yote yakiwa na pedi zinazofanana kwa macho, na tofauti ya bei kati ya boksi la kwanza na la mwisho ikiwa ni ya mara kadhaa.

Hapo ndipo wengi wetu huchagua la katikati, tukiamini kwamba tumekwepa ubahili na ubadhirifu kwa pamoja. Ukweli ni kwamba tumechagua bei tu. Breki hatujazichagua.

Suala hili si dogo hata kidogo. Februari 2024, katika eneo la Ngaramtoni mkoani Arusha, lori lililoripotiwa kushindwa breki liliyagonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Lori si pikapu, na mfumo wake wa breki ni tofauti. Lakini kila ajali ya namna hiyo inapotokea, mjadala huishia kwa dereva na mwendo wake, na ni mara chache sana swali hufika dukani na gereji, mahali ambapo kipuri kilichokuwa ndani ya gurudumu kilichaguliwa.

Tuanze na hesabu. Breki hugeuza nguvu ya mwendo kuwa joto. Uzito wa gari ukiongezeka maradufu, joto ambalo breki zinapaswa kulibeba nalo huongezeka maradufu. Lakini mwendo ukiongezeka maradufu, kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, joto hilo huwa mara nne. Toyota Hilux tupu ina uzito wa chini kidogo ya tani mbili. Ikijazwa saruji au magunia ya viazi inakaribia tani tatu, na kwa desturi za barabara zetu mara nyingi huzidi hapo. Kwa hiyo pedi inayotosha kwa pikapu ya ofisini, inayozunguka kati ya Posta na Mikocheni ikiwa na mtu mmoja na kompyuta, si lazima itoshe kwa pikapu ya aina ileile inayoshuka mlima Kitonga ikiwa na shehena.

Mwandishi wa makala haya alilipia somo hilo. Miaka kadhaa iliyopita, pikapu ya familia ilifungwa pedi mpya za bei nafuu siku mbili kabla ya safari ya kuleta mboga kutoka Lushoto. Mjini zilikuwa nzuri, laini na zisizopiga kelele. Kwenye kona za kushuka kutoka Soni kwenda Mombo, kanyagio la breki lilibaki gumu mguuni lakini gari likakataa kupunguza mwendo, na harufu ya kuungua ikajaa ndani. Gia namba moja ndiyo iliyotuokoa. Tulipovua magurudumu Mombo, pedi moja ilikuwa imebanduka nusu kutoka kwenye bamba lake la chuma. Muuzaji alipofuatwa alisema hakumbuki kutuuzia chochote, nasi hatukuwa na risiti.

Kilichotokea kinaeleweka kitaalamu. Kila aina ya pedi ina kiwango cha joto ambacho ikikivuka hupoteza uwezo wa kushika diski. Kwa ujumla pedi zinazouzwa leo ni za makundi matatu. La kwanza ni pedi zilizotengenezwa kwa nyuzi na gundi zisizo na chuma kingi. Hizi ni tulivu, huilinda diski na bei yake ni ndogo, lakini huchoka mapema joto linapopanda. La pili ni pedi zenye mchanganyiko wa chuma, ambacho kwa kawaida huwa kati ya asilimia 30 na 65 ya uzito wake. Hizi huhimili joto na mzigo, ingawa hupiga kelele zaidi, hutoa vumbi jeusi kwenye rimu na huila diski kwa kasi zaidi. La tatu ni pedi za kauri, ambazo ni tulivu na zenye vumbi kidogo, lakini bei yake ni kubwa na sifa zake huonekana zaidi katika magari madogo ya mjini kuliko katika magari ya mizigo.

Kwa pikapu inayofanya kazi ya pikapu, yaani kubeba, kuvuta na kupanda milima, kundi la pili ndilo chaguo la busara katika hali nyingi. Kwa pikapu ya kutembelea tu, kundi la kwanza au la tatu linaweza kumfaa mwenye nalo, mradi mtengenezaji awe anajulikana.

Lipo pia kundi ambalo halipaswi kuwapo kabisa, nalo ni la pedi zenye asbesto. Shirika la Afya Duniani limeeleza wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Anayeivuta kwanza ni fundi anayepuliza vumbi la breki kwa upepo wa kompresa bila kuziba pua, jambo linaloonekana kila siku katika gereji zetu za uchochoroni. Kwa kuwa mteja hawezi kujua kwa macho vumbi lile ni la nini, njia salama ni kulilowesha na kulifuta kwa kitambaa.

Je, mnunuzi wa kawaida anaweza kujua alichoshika mkononi? Kwa kiasi kikubwa anaweza, kama yuko tayari kusoma. Pembeni mwa pedi nyingi huchapwa herufi mbili, kwa mfano FF au GG. Herufi ya kwanza huonyesha uwezo wa kushika pedi ikiwa na joto la kawaida, na ya pili huonyesha uwezo huo ikiwa na joto kali. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G ni kati ya 0.45 na 0.55. Pedi yenye herufi FE inakiri yenyewe kwamba hulegea ikipata moto. Herufi hizo si cheti cha ubora, kwa sababu hazisemi lolote kuhusu uimara wa gundi wala muda wa kudumu, lakini kukosekana kwake ni sababu ya kutosha ya kuuliza maswali.

Alama nyingine ni herufi E iliyo ndani ya duara, ikifuatiwa na namba ya nchi iliyotoa idhini. E1 ni Ujerumani na E4 ni Uholanzi. Pamoja nayo huandikwa R90, kanuni ya Umoja wa Mataifa inayotaka pedi mbadala ifanye kazi kwa kukaribiana na ile ya kiwandani, tofauti isizidi asilimia 15. Kanuni hiyo baadaye ilipanuliwa ili kuhusisha diski na dramu.

Kwa wenye Toyota, namba ya kipuri nayo ina mengi ya kusema. Pedi za mbele huanza na 04465, diski za mbele 43512 na viatu vya breki vya dramu za nyuma 04495. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha modeli. Hapa umakini unahitajika, kwa sababu Hilux zilizoko nchini zimetoka Thailand, Afrika Kusini na Japani, na ukubwa wa diski hutofautiana kati ya gari la magurudumu mawili ya kuvuta na la manne, na kati ya toleo na toleo. Nenda dukani na namba ya chesesi, kwani jina la gari peke yake halitoshi.

Tugeukie diski, ambayo wengi huiona kama kipande cha chuma kisichokufa. Kila diski ina unene wa chini unaoruhusiwa, na mara nyingi kipimo hicho huwa kimechapwa kwenye diski yenyewe. Diski iliyotoka kiwandani na milimita 25, kwa mfano, inaweza kuandikiwa kwamba ikifika 23 itupwe. Milimita mbili ndizo umri wake wote. Fundi anayependekeza diski ikakerezwe ili kuondoa michirizi anaweza kuwa sahihi, lakini lazima aipime kwanza, na aoneshe kwamba baada ya kukerezwa itabaki juu ya kipimo hicho. Diski nyembamba hupata moto haraka, hupasuka kwa urahisi, na huusukuma moto huo hadi kwenye mafuta ya breki.

Mafuta hayo nayo ni sehemu ya uchaguzi. DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi joto zisizopungua 205, na DOT 4 kwa 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani, na yakishanyonya, viwango hivyo vya chini hushuka hadi 140 na 155. Katika mji wa pwani kama Dar es Salaam au Tanga, mafuta ambayo hayajabadilishwa kwa miaka mingi yanaweza kuchemka mlimani hata kama pedi ni bora kuliko zote. Mvuke ukiingia kwenye bomba, kanyagio huzama hadi sakafuni.

Kuhusu diski zenye matundu au mifereji, zinazopendwa na vijana kwa mwonekano, ni vyema ikaeleweka kwamba matundu yanaweza kuwa mwanzo wa nyufa kwa gari linalobeba mzigo mzito. Pikapu ya kazi hufaidika zaidi na diski ya kawaida iliyo nzito, yenye njia za hewa kati ya kuta zake mbili. Ukiweza, ipime kwa mizani pamoja na ile ya zamani. Diski mpya ambayo ni nyepesi kuliko kuukuu iliyoliwa imeibiwa chuma.

Lawama nyingine hupelekwa kwa diski bila haki. Usukani unapotetemeka wakati wa kufunga breki, jibu la haraka huwa kwamba diski imepinda. Mara nyingi tatizo ni kutu kwenye kikombe cha gurudumu, ambako diski hukaa. Kutu kidogo tu huifanya diski izunguke ikiyumba, kisha unene wake hutofautiana taratibu. Kufunga diski mpya juu ya kutu ileile ni kununua tatizo lilelile kwa mara ya pili. Kusafisha kikombe kwa brashi ya waya, kupaka grisi maalumu ya breki kwenye pini za kalipa, na kubadilisha pedi za magurudumu yote mawili ya ekseli kwa wakati mmoja ni kazi ya chini ya saa moja, lakini ndiyo inayotenganisha gereji na gereji.

Pedi mpya pia huhitaji kuzoeshwa. Breki za wastani takriban kumi, kutoka kilomita 50 au 60 kwa saa hadi karibu na kusimama, zikipishana na mwendo wa kuzipoza, hutosha kwa kawaida. Kuzifunga pedi jioni na kuianza Kitonga alfajiri ni kujitafutia shari.

Sasa turudi kwenye swali la nani anawajibika. Sheria zipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe zima. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza bidhaa bandia, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoisimamia. Shirika la Viwango (TBS) nalo lina dhamana ya ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Pengo liko kati ya bandari na gurudumu. Boksi la kampuni maarufu linaweza kujazwa pedi za mtu asiyejulikana baada ya kupita forodhani, na stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama iliyobandikwa kwenye kioo haimwambii yeyote pedi zimebaki milimita ngapi, iwapo mkaguzi hakuchungulia ndani ya gurudumu.

Kwa mtazamo wa safu hii, mambo mawili yangebadilisha hali bila gharama kubwa. La kwanza ni ukaguzi wa magari ya biashara uhusishe kupima unene wa pedi na diski, na vipimo viandikwe kwenye karatasi anayopewa mwenye gari. La pili ni mnunuzi adai risiti ya EFD yenye jina na namba ya kipuri. Bila risiti hakuna ushahidi wa kumfikisha muuzaji popote, kama ilivyotukuta sisi Mombo.

Wanaosema kwamba maskini hana uwezo wa kununua pedi bora wana hoja, na haifai kuibeza. Bodaboda, bajaji na pikapu za mizigo ndizo zinazolisha familia nyingi za mijini. Lakini pedi hafifu huisha mapema, huila diski na hulazimisha safari ya pili ya gereji, hivyo hata kwa hesabu ya fedha pekee mwenye gari hupata hasara. Wahenga walikwishalisema hilo kwa maneno machache: rahisi huvunja upishi. Tofauti ni kwamba jikoni kinachovunjika ni chungu.