Buibui wa Usambara si wa kuanzia, jamani

Tangu niweke picha ya buibui wangu wa rangi ya chungwa, sina raha. Watu wanne hapa chuoni wameshaniuliza anauzwa wapi, na wawili kati yao hawajawahi kufuga hata samaki. Mmoja kaniambia waziwazi, "Kaka, mimi namtaka huyohuyo mwenye fujo, hao wapole wanachosha." Sasa badala ya kujibu mmoja mmoja naandika hapa mara moja. Ndugu zangu mlioko nyumbani mtanisamehe kwa mada ya ajabu. (Nasema buibui mnyama, si lile walilovaa bibi zetu Tanga.)

Msimamo wangu nautoa mapema, ili asiyependa maneno mengi aondoke nao: huyu si buibui wa kuanzia. Na sababu si kwamba anauma. Paka naye anauma. Sababu ni kwamba mtu anayeanza hujifunza kwa kukosea, na buibui mwenye mbio hakupi nafasi ya kukosea.

Kwa wasiomjua, tunamzungumzia tarantula ambaye wafugaji wa huku Uingereza wanamwita OBT. Wenye utani wanasema herufi hizo maana yake ni "kitu cha rangi ya chungwa kinachouma". Jina lake la kisayansi ni Pterinochilus murinus, alilopewa na R. I. Pocock mwaka 1897. Cha kuchekesha, murinus ni Kilatini, maana yake "wa panya", na kweli wapo wa aina hiyohiyo wenye rangi ya kijivu na kahawia. Huyu wa chungwa anayetafutwa na kila mtu anajulikana kwa jina la milima yetu ya Usambara. Aina yenyewe imeenea, kuanzia Kenya na Tanzania hadi Angola na Zimbabwe. Yaani mtu unatoka Lushoto, unakuja kusoma Ulaya, unamkuta jirani yako dukani, kakaa ndani ya kikopo cha plastiki!

Na kwa kuwa anazaliana kirahisi kifungoni, bei yake ni ya chini. Hapo ndipo penye mtego. Mwanafunzi anaona rangi, anaona bei, anatoa hela. Hakuna anayemuuliza umewahi kufuga nini.

Tuje kwenye huo "ukali". Tarantula wengi wa Amerika wana manyoya madogo juu ya tumbo. Akiudhika anayapangusa kwa miguu ya nyuma, yanakurukia, unabaki kujikuna. (Yakiingia machoni hapo ni hospitali, usicheze.) Ile ni namna yake ya kukuambia sogea. Tarantula wa Afrika na Asia hawana manyoya hayo. Huyu wa Usambara amebaki na njia tatu: kukimbia, kunyanyua miguu ya mbele akuonyeshe meno, au kuuma. Na anaweza kuzimaliza zote tatu wewe bado umeshika kifuniko.

Lakini tusimsingizie. Hana ugomvi na wewe. Huyu ni mnyama wa shimoni na kwenye nyufa, anaisikia dunia kwa mtetemo, mlango wake kaujenga mwenyewe kwa utando. Wewe unakuja na mkono unabomoa. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ndiyo maana yule ndugu yangu anayetaka "mwenye fujo" sikubaliani naye. Kama kila siku buibui wako ananyanyua miguu, ujue hajakupa burudani. Amekupa taarifa kwamba nyumba uliyompa haimtoshi au unamsumbua mno.

Swali la pili huwa ni hili: akiniuma nitakufa? Hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kuwa kimetokana na sumu ya tarantula. Lakini kutokufa si sawa na kuwa salama, wadau. Kuna maumivu makali, kuna uvimbe, na mara nyingine misuli inabana. Kwa wale wa jenasi ya Poecilotheria wa India na Sri Lanka, ambao nao wana mbio za ajabu, madaktari wameandika habari za watu waliobanwa na misuli siku kadhaa baada ya kuumwa. Hebu weka hilo kwenye wiki ya mitihani. Ukiumwa na ukaona misuli inabana, au pumzi inakuwa nzito, nenda hospitali, usisubiri ushauri wa washikaji.

Sasa kwa nini nasema anza na mpole? Mimi nilianza na Tliltocatl albopilosus wa Amerika ya Kati, yule mwenye manyoya yaliyojikunja, nikakaa naye mwaka na nusu kabla ya kumfikiria huyu wa nyumbani. Wengine wanaanza na Grammostola pulchra, mweusi tii wa Brazili. Hawa ukifungua kifuniko kwa pupa, bado wamekaa palepale wanakutazama. Katika mwaka huo unajifunza mambo ambayo huwezi kuyajifunza kwa kusoma tu: mnyama aliyeshiba anafananaje, anayekaribia kujivua anakaaje, mkono wako unatetemeka kiasi gani ukiwa na buibui mbele yako. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Wengi hatuijui mikono yetu mpaka siku hiyo.

Mfano mmoja tu, kujivua gamba (la kweli, si lile la wanasiasa wetu la mwaka 2011). Tarantula hulala chali, miguu juu, anaweza kukaa hivyo kwa saa nyingi. Anayeanza anadhani kafa, anaanza kumgusagusa. Kumbe hapo ndipo anapotakiwa aachwe kabisa. Hata nyenje aliyebaki ndani ya boksi atolewe kabla, maana anaweza kumjeruhi mwenye nyumba akiwa bado laini. Akimaliza, meno yake yanakuwa meupe. Usimpe chakula mpaka yawe meusi tena.

Kuna wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Wanasema nunua mtoto mdogo kabisa wa Usambara, mkue pamoja, ukifika wakati amekuwa mkubwa nawe umeshazoea. Nakubali nusu. Kweli mtoto ni mdogo na hatari yake ni ndogo. Lakini mtoto huyo ana mbio kama mzazi wake na anapita kwenye tundu ambalo hukulidhania. Akikutoroka humpati, na kwake yeye kutoroka kwenye nchi ya baridi kama hii ni kifo. Sisi tunajadili usalama wetu tu, tunasahau kwamba aliyelipia uzembe mara nyingi ni yeye.

Haya, najua wapo walioshaamua. Kwenu nyie nasema hivi.

Moja, mpe pa kujificha. Udongo wa kutosha kuchimba, sentimita 12 hadi 15 kwa mkubwa, uwe mkavu kiasi, kipande cha gome la mti cha kuanzishia utando, na kibakuli cha maji. Boksi lisiwe refu mno kwenda juu, maana tarantula akianguka tumbo linaweza kupasuka. Mwenye shimo lake hukimbilia shimoni. Asiye na shimo atakimbilia mkono wako.

Mbili, usifungue kifuniko mpaka umemwona yuko wapi. Kama humuoni, tafuta kwa tochi kupitia pembeni, na uangalie na upande wa chini wa kifuniko chenyewe. Ukimkuta mlangoni, kazi hiyo iahirishe. Maji yanaweza kusubiri mpaka jioni.

Tatu, mkono usiingie ndani. Tumia kibanio kirefu, sentimita 25 au 30, na brashi laini ya kuchorea. Na asiingie mkononi pia! Kumshika kwa ajili ya picha hakumfaidishi yeye hata chembe.

Nne, kumhamisha. Hapa ndipo penye kazi. Fanya mchana, mlango umefungwa, nafasi chini ya mlango umeiziba kwa taulo. Weka boksi la zamani na jipya ndani ya beseni kubwa la plastiki, ili akitoka awe bado yuko ndani ya kitu. Uwe na kopo linaloonyesha na karatasi ngumu. Mguse miguu ya nyuma kwa brashi taratibu, usimpulizie kwa mdomo. Akichomoka, simama. Usimkimbize, usimdake. Akitulia, mfunike kwa kopo, pitisha karatasi chini. Awepo na mtu wa pili asiyepiga kelele.

Tano, chakula. Mkubwa anatosheka na nyenje au mende mmoja kwa wiki, asiyezidi ukubwa wa tumbo lake. Akikataa, mwache, toa chakula.

Kuna jambo ambalo sisi wanafunzi tunalipita haraka, nalo ni wenzetu. Kama bweni lenu haliruhusu wanyama, mjadala umeishia hapo, usimfiche kama wanavyofichwa wale wenzetu wanaobebwa mabwenini kule nyumbani. Na hata likiruhusu, mnayekaa naye nyumba moja lazima ajue na akubali. Si haki mtu alale usiku anajiuliza kifuniko kimefungwa au la.

Halafu piga hesabu ya miaka. Shahada hapa ni miaka mitatu. Jike wa aina hii anaweza kuishi zaidi ya kumi. Likizo atabaki na nani? Ukirudi nyumbani atakwenda wapi? Sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 ya huku inawahusu wenye uti wa mgongo, na buibui hana. Ukimtesa au ukimsahau, hakuna atakayekuja kukugongea mlango. Kilichobaki ni dhamiri yako, basi.

Na mwisho, kwa sisi wa Afrika Mashariki hasa: uliza alizaliwa wapi. Waliozaliwa kwa wafugaji wamejaa, hakuna sababu ya kumlipa mtu anayefukua mashimo Usambara. Mwaka 2016 serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na ilikuwa na sababu. Kwa hiyo na wewe unayefikiria kumbeba mmoja kwenye begi ukitoka likizo, tafadhali sana, mwache kwao.

Sisemi msimfuge. Mimi ninaye, na usiku akitoka kutengeneza utando wake chini ya taa nyekundu, naweza kusahau kama nina kazi ya kukabidhi kesho. Ninachosema ni kwamba yeye ana haraka ya kutosha kwa wote wawili, kwa hiyo mfugaji inabidi awe mtu wa taratibu. Kama wewe hata sufuria ya wali huwezi kuisubiri iive, anza na yule wa Amerika ya Kati. Mwakani tukutane tuongee tena.

Nawasilisha.