Vumbi la uwanjani, kifua cha mtoto na msaada wa ukoka

KILA ninapokwenda Dodoma kumsalimia mama, naamshwa na sauti ya fagio la chelewa. Saa kumi na mbili asubuhi uwanja umeshapigwa mistari, hakuna jani wala unyasi. Ndivyo tulivyolelewa wengi wetu: uwanja mweupe ni heshima ya nyumba. Nyasi mlangoni ni uvivu, tena ni maficho ya nyoka.

Mwaka jana mwezi Agosti, upepo ukiwa mkali, nilimkuta pale mtoto wa dada yangu. Ana miaka minne na ana pumu. Bibi akifagia, mjukuu anakohoa. Usiku wa tatu tulimkimbiza kituo cha afya, kifua kinalia kama filimbi. Daktari alipokwisha kumpa dawa ya kuvuta na mtoto akatulia, aliuliza: "Huko nyumbani kuna vumbi?"

Mama hakujibu. Nilimhurumia. Mtu amefagia maisha yake yote kwa ajili ya usafi, leo anaulizwa kama fagio lake ndilo linalomkosesha mjukuu pumzi.

Ukweli ni kwamba vumbi halisababishi pumu kwa kila mtoto, lakini kwa mwenye nayo ni kichochezi kikubwa. Njia za hewa zake ni nyepesi kukasirika; zikipata vumbi au moshi zinabana na kujaa ute. Udongo mtupu unaofagiwa kila siku unazidi kuwa unga, na upepo wa kiangazi unamalizia kazi. Mtoto, kwa kimo chake, anacheza humohumo.

Suluhisho tulilochagua lilikuwa limeota pembeni mwa barabara: ukoka. Ni nyasi yetu ya asili, ile inayotambaa na kushika ardhi, ambayo mbuzi huipenda na mkulima huilaani. Mizizi yake inaweza kushuka zaidi ya mita moja, na mashina yake hutambaa juu na chini ya udongo, kila kifundo kikitoa mizizi mipya. Kiangazi kikizidi inakauka na kuwa kahawia. Usiing'oe ukidhani imekufa. Imelala tu, na mvua ikinyesha inarudi kijani. Hata ikiwa imekauka bado inaushika udongo, na hilo ndilo tunalolitaka.

Kwa wanaoishi mikoa ya mvua za msimu mmoja kama Dodoma na Singida, huu ndio wakati wa kujiandaa, kabla mvua hazijashika.

Kwanza, chagua sehemu yenye jua. Ukoka haupendi kivuli, kwa hiyo chini ya mwembe weka kokoto au majani makavu. Lainisha udongo kwa jembe kina cha kama sentimita 15, changanya na samadi iliyooza.

Pili, chimba ukoka mahali pasafi, si kandokando ya mfereji wa maji machafu. Katakata vipande vyenye vifundo viwili au vitatu. Vipande hivyo ndiyo mbegu yako, na havina gharama.

Tatu, panda kwa mistari, kila kipande sentimita 20 hivi kutoka kwa mwenzake. Fukia vifundo, acha ncha ya juu ionekane, kisha kanyaga udongo ushike. Mwagilia kila siku kwa wiki mbili mvua zikichelewa. Maji ya kuoshea mboga yanafaa, ila yenye dawa ya kung'arishia nguo usimwage hapo. Mvua ikiwa nzuri, baada ya miezi miwili au mitatu ardhi itakuwa imefunikwa.

Sasa tahadhari, maana nyasi nayo ina mambo yake. Ukoka ukiachwa urefuke utatoa maua, na chavua yake huwasumbua baadhi ya wenye pumu na mafua ya mzio. Ukate mara kwa mara ubaki na urefu wa vidole viwili au vitatu, na wakati wa kukata mtoto mwenye pumu asiwepo jirani. Ukiwa mfupi hivyo, nyoka naye hapati pa kujificha. Kama una bustani ya mchicha, chimba mtaro au zungushia matofali, la sivyo ukoka utaimeza.

Pia nyasi haizuii minyoo. Choo kisafi na viatu miguuni bado vinahitajika, hata uwanja ukiwa wa kijani.

Na mama uliyeandikiwa dawa ya mtoto ya kila siku, usiiache kwa sababu umepanda nyasi. Ukiona mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, midomo inabadilika rangi, au anashindwa kuongea au kunyonya, mwahi hospitali saa hiyohiyo.

Mama hakukubali uwanja wote uwe nyasi. Tuligawana: mbele, wanapocheza watoto, ni ukoka, nyuma, jikoni, pamebaki peupe, ila sasa ananyunyiza maji kabla ya kufagia na mjukuu anakuwa bado amelala ndani, dirisha limefungwa.

Agosti ya mwaka huu ukoka ulikauka, ukawa rangi ya mkeka. Upepo ulivuma kama kawaida. Mtoto alikohoa siku mbili tatu, lakini safari ya usiku ya kituo cha afya haikuwepo. Siwezi kusema ni nyasi peke yake. Dawa yake anaitumia bila kukosa. Nilichokiona ni bibi ameketi mlangoni asubuhi, fagio limeegeshwa ukutani, anamtazama mjukuu akibiringika juu ya nyasi.

"Zikiwa fupi," aliniambia, "si mbaya."